Soketi za zamani nyumbani: maswali mnayouliza kila siku na majibu yake

Maswali haya ndo yanayorudi kila mara mtu akiwa na soketi iliyochoka nyumbani, nimeyaweka pamoja ili usihangaike kuuliza kimoja kimoja. Majibu yanahusu nyumba zetu za huku, umeme wa volti 230 hadi 240, soketi za pini tatu bapa za muundo wa Kiingereza. Bara, Visiwani, Kenya na Uganda zote tunatumia hizo hizo, kwahiyo popote ulipo kati ya hapo yatakufaa. Na kitu kimoja ukishike tangu mwanzo: soketi nyingi zinazoungua haziungui kwa sababu ya uso wake ule mweupe unaouona, zinaungua nyuma, kwenye skrubu iliyolegea. Mtu anabadilisha uso anaacha ugonjwa ukutani.

Nitajuaje kama soketi ndo mbovu na siyo kifaa changu?

Chukua kitu kidogo ambacho una uhakika kinafanya kazi, chaja ya simu au taa ya mezani, kichomeke kwenye soketi ya chumba kingine uone kinawaka, halafu rudi nacho kwenye ile unayoishuku. Kisiwake hapo, tatizo ni soketi au waya wake. Kikiwaka, angalia kifaa chako na hasa fyuzi ndani ya plagi, maana plagi zetu hizi zina fyuzi ndogo ndani yake na watu wengi wanasahau kabisa kama ipo, anatupa pasi nzima kumbe fyuzi tu.

Dalili zingine huhitaji hata kupima. Plagi inaingia laini mno na inaning'inia yenyewe. Kifaa kinawaka ukiinamisha plagi upande mmoja tu. Swichi ya soketi ukiibonyeza haina ule mlio wake wa kukata, imekuwa laini kama sponji. Uso umegeuka njano au kahawia kuzunguka tundu moja. Harufu ya plastiki iliyoungua, wengine wanasema kama harufu ya samaki, usiipuuze hiyo hata kama kila kitu kinawaka vizuri. Na mlio wa kuchachatika ndani ya ukuta, hapo usiendelee kusoma, nenda kazime breka ya soketi kwanza.

Soketi yangu inapata moto nikichemsha maji au nikipiga pasi. Ni kawaida?

Uvuguvugu kidogo kwenye plagi baada ya kutumia birika la umeme muda mrefu unaweza kuvumilika. Ila kama ukigusa unatoa mkono haraka, hiyo siyo kawaida hata kidogo.

Kinachotokea ni hiki. Birika la wati 2000 linavuta karibu ampea 9. Umeme wote huo unapita sehemu mbili ndogo sana: pale pini ya plagi inapobanwa na vile vibati vya brasi ndani ya soketi, na pale waya wa kopa ulipobanwa na skrubu nyuma. Kama kibati kimelegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa miaka na miaka, au skrubu haikukazwa vizuri siku nyumba inajengwa, mguso unakuwa mdogo, umeme unapita kwa shida na shida hiyo inageuka joto. Joto linafanya brasi ipoteze ule mkazo wake, inalegea zaidi, joto linaongezeka, mwisho plastiki inayeyuka. Halafu ujue joto haliendi sawa na mzigo, ukiongeza ampea mara mbili joto la pale penye mguso mbaya linakuwa mara nne, ndo maana soketi hiyohiyo inachaji simu miaka mitano bila shida siku unayoleta jiko la umeme inaungua ndani ya nusu saa.

Kwahiyo acha kuitumia kwa vitu vya moto (birika, pasi, jiko, presha kuka, hita) mpaka ifunguliwe. Na soketi ya dabo, kila tundu ni ampea 13 lakini hiyo haina maana pamoja zitabeba 26 kwa muda mrefu, haikutengenezwa hivyo. Birika na pasi kwenye dabo moja kwa wakati mmoja vinaweza kufika karibu ampea 18, unaichosha bure. Gawanya, moja ipeleke ukuta mwingine.

Hita ya maji ya kuogea ile ya papo kwa papo usiichomeke kwenye soketi kabisa, hiyo ni ya laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi na waya mnene.

Nikichomeka plagi naona cheche. Hatari?

Cheche moja ndogo ya mara moja wakati swichi ya soketi iko on na kifaa kiko on, inatokea, hasa chaja za laptop. Zima swichi ya soketi kwanza, chomeka, ndo uwashe, cheche haitakuwepo. Ila cheche inayoendelea wakati plagi iko ndani, au cheche na harufu, au alama nyeusi kwenye pini za plagi, hiyo soketi imekwisha. Na angalia plagi pia, pini iliyopata vishimo vya kuungua itaharibu hata soketi mpya utakayoweka, watu wanabadilisha soketi mara mbili tatu wakati mharibifu ni plagi ya pasi.

Soketi moja imekufa, zingine zinawaka. Nianzie wapi?

Anza kwenye swichi yake, halafu kifaa kingine, halafu bodi ya breka. Vyote viko sawa? Basi kuna waya umechomoka au umeungua nyuma ya hiyo soketi au nyuma ya soketi iliyo kabla yake, maana zinaunganishwa kwa kupokezana, hii inampa ile. Ndo maana wakati mwingine soketi mbili tatu za upande mmoja wa nyumba zinakufa pamoja, na ugonjwa upo kwenye ile ya mwisho kuwaka au ya kwanza kufa. Fundi mzuri ataanza hapo, hataanza kubomoa ukuta.

Breka inaanguka kila nikiwasha soketi fulani

Chomoa kila kitu kwenye soketi zote za laini hiyo, pandisha breka. Ikikaa, rudisha kifaa kimoja kimoja mpaka umpate mwenye kosa, mara nyingi ni pasi, hita ya ndoo au friji la zamani. Isipokaa hata bila kifaa chochote, kuna shoti kwenye waya au ndani ya soketi, labda unyevu umeingia, labda msumari wa picha umetoboa waya ukutani, hapo mwite fundi.

Usifanye kitu kimoja: kubadilisha breka ya 20 ukaweka ya 40 ili isianguke. Breka iko pale kulinda waya. Waya wa soketi kwa kawaida ni milimita 2.5, ukiwekewa breka kubwa kupita uwezo wake waya ndo utageuka fyuzi, utaungua ndani ya ukuta au juu ya dari kwenye mbao na hakuna atakayeona mpaka moshi utoke. Na wale wa nyumba za zamani zenye fyuzi za kufunga waya, usifunge waya wa kopa uliochuna kwenye kebo, weka waya wa fyuzi wa ampea inayotakiwa.

Nikigusa friji au kasha la kompyuta natetemeshwa kidogo, hasa nikiwa peku. Fundi kaniambia nivae ndala.

Huyo usimwite tena. Kuvaa ndala hakujatibu chochote, na mtoto akija peku kutoka bafuni je?

Kutetemeshwa huko kwa kawaida maana yake soketi haina ethi, ule waya wa kijani na njano unaokwenda ardhini. Kompyuta na tivi nyingi zina vichujio ndani ambavyo vinavujisha umeme kidogo sana kwenda ethi, ndivyo zilivyotengenezwa, sasa ethi ikikosekana umeme huo unakaa kwenye bati la kifaa na ukipima unaweza kukuta kama nusu ya volti za nyumba. Huo wa kutekenya hauui kirahisi. Tatizo ni siku ile waya wa laivu (ule unaoleta umeme) ndani ya friji utakapochunika na kugusa bati la friji, bila ethi friji lote linakuwa laivu, volti 230 kamili, na breka haianguki.

Ethi inakosekana wapi? Sehemu tatu. Nyuma ya soketi: waya wa ethi haukufungwa kabisa au ulikatwa kwa sababu fundi aliona ni usumbufu. Kwenye bodi: ethi za vyumbani hazijaunganishwa na ile inayotoka nje. Na nje kwenyewe: fimbo ya ethi, kile chuma kilichopigiliwa ardhini, imeoza, waya umekatika wakati wa kulima bustani, au wezi wa kopa wamepita nayo, hili lipo sana. Nenda nyuma ya nyumba leo ukaangalie kama waya wako wa ethi bado umeshika fimbo, huhitaji kuwa fundi kuona hilo. Usiuguse tu kwa mkono, kama kuna kifaa kinavujisha ndani waya huo unaweza kuwa na umeme.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalielezi. Hata ukiwa na fimbo nzuri, udongo wenyewe unabana umeme. Tuseme fimbo yako ina ukinzani wa omu 50, udongo mkavu wa kiangazi unaweza kufika hapo na zaidi. Friji likivujisha laivu, umeme utakaokwenda ardhini ni 230 gawanya kwa 50, yaani ampea 4.6. Breka ya 20 haitajua kitu. Ndo maana nyumba zetu zinahitaji ile swichi kubwa yenye kitufe cha T (dukani inaitwa RCD), ya miliampea 30, ambayo yenyewe inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, ukipotea hata ampea 0.03 inakata. Kama bodi yako haina hiyo, hela ya kubadilisha soketi zote kumi iweke pembeni kwanza ununue hiyo. Nasema hivyo kwa moyo wote. Na ukiwa nayo bonyeza hicho kitufe cha T kila baada ya miezi michache, ikikata iko hai, isipokata badilisha.

Soketi zangu ni za matundu ya mviringo, nyumba ya zamani. Natoa tu naweka za pini bapa?

Hapana, siyo kirahisi hivyo. Za mviringo zilikuja kwa saizi, kuna ndogo za ampea 5 na kubwa za 15, na ile ndogo waya wake ulipangiwa ampea 5. Ukibandika uso wa 13 juu yake umemdanganya kila atakayeishi humo, ataona tundu la birika atachomeka birika. Pia muundo wa Kiingereza wa pini bapa ulitoka mwaka 1947 ukiwa na fyuzi ndani ya plagi na vifuniko vya kuziba matundu, vile vya mviringo havina fyuzi kwenye plagi na vingi havina vifuniko, kwahiyo ulinzi wote unategemea bodi.

Nyumba za umri huo, kota za zamani za reli, za serikali, magorofa ya zamani mjini, kitu cha kutazama ni ganda la waya. Zima mein swichi, fungua soketi moja, uminye waya taratibu. Ukikuta ganda ni la mpira linapasuka na kudondoka kama udongo mkavu, rudisha kila kitu bila kukunja, funga, usiguse nyingine. Hiyo nyumba inataka waya mpya wote, siyo soketi.

Naweza kubadilisha soketi mwenyewe?

Kubadilisha uso kwa uso, hii inatoka ile inaingia palepale, waya wazima, mtu makini anaweza. Kuongeza soketi mpya, kuhamisha, kugusa bodi ya breka, kugusa chochote upande wa mita, hapana. Tanzania Bara mafundi umeme wanapewa leseni na EWURA kwa madaraja, Kenya ni EPRA, muombe fundi akuonyeshe yake, mwenye nayo haoni aibu. Vishoka wanaozunguka na bisibisi mfukoni wakijiita wa shirika la umeme achana nao.

Na kama ukifungua ukakuta kitu ambacho hakifanani na maelezo haya, waya sita, rangi za ajabu, mabaki ya tepu, funga umwite mtu. Hakuna anayekudai uimalize.

Niwe na vifaa gani?

Bisibisi mbili zenye mpini wa plastiki, ya bapa na ya nyota, plaisi, kisu au kichuna waya, tochi ya kichwani maana utakuwa umezima umeme, na multimita, yaani mita ya kupimia umeme. Ile tesita ya bisibisi yenye taa ndogo ndani siyo ya kuaminia roho yako. Inaweza isiwake na waya una umeme, kwa sababu umevaa viatu vikavu au taa yake imekufa.

Multimita nayo ina namna. Iweke kwenye AC, renji ya 600 au 750, na waya wake mwekundu uwe kwenye tundu la V. Ukikuta mtu aliyetangulia kauacha kwenye tundu la 10A ukachomeka kwenye soketi umepiga shoti ya wazi mkononi mwako, inalipuka. Angalia kila mara kabla ya kupima, hata kama ni ya kwako peke yako.

Nielekeze hatua za kubadilisha

Kwanza pima soketi ikiwa na umeme ujue hali yake: laivu na nyutro (waya unaorudisha umeme) iwe karibu 230, laivu na ethi karibu 230, nyutro na ethi karibu sifuri. Laivu na ethi ikisoma sifuri au namba ya ajabu ajabu, ethi hakuna, umeshajua tatizo kabla hujafungua skrubu.

Zima breka ya soketi, na mimi nashauri uzime mein swichi kabisa, kwa sababu nyumba nyingi bodi hazina maandishi na zingine soketi ya sebuleni imelishwa kutoka laini ya jikoni. Bandika karatasi kwenye bodi, waambie walioko nyumbani. Watoto na shemeji wanaokuja kuuliza umeme umekatika ndo wanaopandisha breka.

Rudi upime tena. Hapa usifanye haraka: pima kitu unachojua kina umeme uone mita inasoma (fanya hivyo kabla hujazima), pima soketi yako iwe sifuri kwa pande zote, laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Ukimaliza hakikisha mita yenyewe haijafa katikati, betri huisha. Kama umezima mein, tumia soketi ya jirani au ya ekstensheni ya inverta kuithibitisha.

Fungua skrubu mbili za uso, vuta taratibu. Usivute kwa nguvu, waya wa zamani ni mfupi na umekauka. Piga picha kwa simu kabla hujalegeza chochote. Nyuma utaona herufi L, N na E, na hapa ndo watu wanachanganyikiwa, ukitazama soketi kwa mbele laivu iko kulia, nyutro kushoto, ethi juu, ukiigeuza nyuma vinabadilishana upande. Fuata herufi, usifuate upande.

Ukikuta waya mbili mbili kwenye kila tundu ni kawaida, moja inaleta moja inapeleka mbele, au ni ringi, yaani waya unaozunguka soketi zote na kurudi kwenye bodi. Zote mbili lazima zirudi pamoja kwenye tundu lilelile. Ukiacha moja nje soketi za mbele zitakufa, au kama ni ringi zitaendelea kuwaka zote na hutajua kama umeikata, mzigo wote utapita upande mmoja.

Sasa tazama ncha za waya, hapa ndo kazi yenyewe. Kopa safi inang'aa rangi ya machungwa. Ikiwa nyeusi, ya kijani au ngumu inayokatika, kata sehemu hiyo uchune upya kama sentimita moja, usikate kwenye nyuzi, nyuzi saba zibaki saba. Zizungushe pamoja, ingiza mpaka mwisho, ganda lisibanwe na skrubu na kopa isichungulie nje. Kaza kwa nguvu ya mkono mzima, halafu vuta waya mmoja mmoja. Ukitoka ulikuwa haujakaza. Rudi ukaze tena baada ya dakika moja, nyuzi hukaa sawa na skrubu hupata robo mzunguko zaidi. Boksi likiwa la bati, kipande cha waya wa ethi kitoke kwenye soketi kifungwe kwenye boksi pia.

Kunja waya kwa mpangilio nyuma, usizibane na skrubu za uso, funga. Washa mein, pandisha breka, pima namba zile tatu tena, ndo uchomeke taa kwanza, birika baadaye. Chemsha maji, gusa uso wa soketi. Ukiwa baridi umemaliza.

Rangi za waya zinanichanganya, nina nyekundu na nyeusi, rafiki ana kahawia na bluu

Za zamani: nyekundu laivu, nyeusi nyutro, kijani ethi. Mpya: kahawia laivu, bluu nyutro, kijani na njano ethi. Tatizo ni nyumba iliyoongezwa vyumba, nusu ya zamani nusu mpya. Nyeusi kwenye utaratibu wa zamani ni nyutro lakini kwenye mpya wa fezi tatu nyeusi ni laivu, na bluu iliyokuwa fezi zamani sasa ni nyutro. Halafu kuna fundi aliyeishiwa waya mwekundu Jumapili akatumia aliyekuwa nao. Kwahiyo rangi ni fununu, ukweli ni mita.

Dukani nichukue ipi? Feki zimejaa

Uliza yenye alama ya TBS, au KEBS kwa Kenya, ila alama nayo inachapishwa na yeyote, kwahiyo shika mkononi. Soketi nzuri ni nzito kwa saizi yake. Igeuze: vibati viwe vya brasi vinene, skrubu zikaze bila kuteleza. Beba sumaku ndogo, brasi haishiki sumaku, vibati vikinasa ni bati lililopakwa rangi, rudisha. Skrubu zenyewe kunasa ni sawa.

Jaribu na vifuniko vya matundu: plagi nzuri iingie kwa kugoma kidogo mara ya kwanza. Kwa plagi na ekstensheni kuna alama moja ya feki isiyodanganya, pini ile ndefu ya ethi ikiwa imevikwa plastiki nusu yake kama zile mbili. Ya halali ethi ni chuma tupu mpaka shinani. Iliyovikwa plastiki inaweza isiguse ethi kabisa.

Zile soketi za kupokea kila plagi ya dunia zinavutia, lakini matundu yake mapana hayaishiki plagi yoyote vizuri. Kwa chaja sawa, kwa birika hapana.

Pima na boksi lako kabla ya kwenda Kariakoo. Singo ya kawaida uso ni milimita 86 kwa 86, dabo 146 kwa 86, dukani utasikia tatu kwa tatu na tatu kwa sita. Kuna za miundo mingine zinafanana kwa macho lakini skrubu hazikutani na boksi.

Boksi ukutani linacheza, skrubu hazishiki

Usifunge kwa kijiti cha kiberiti. Soketi inayocheza inavuta waya kila ukichomoa plagi, ndo mwanzo wa kulegea. Toa boksi, weka jipya, lifunge kwa skrubu na plagi za ukutani halafu ziba kwa simenti, subiri ikauke kabisa ndo urudishe soketi.

Chaja yangu ni pini mbili, tunasukuma kijiti tundu la juu

Kila nyumba inafanya na kila nyumba ingeacha. Tundu la juu ndilo linalofungua vifuniko vya laivu, ukishasukuma kijiti mtoto wa miaka miwili anaweza kuingiza chochote. Pini nyembamba za mviringo pia zinatanua vibati vilivyopangiwa pini bapa, na ndo birika lako linakuja kupata moto baadaye. Nunua adapta nzuri yenye fyuzi, au kata plagi ya pini mbili ya waya huo uweke ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3 kwa vitu vidogo chini ya wati 700.

Soketi mbovu inakula Luku?

Kidogo sana. Joto la soketi ni yuniti zako kweli, lakini itaungua kabla haijakumalizia salio. Yuniti zikikimbia mtazame friji lenye mpira wa mlango uliokufa, na hita.

Tuko karibu na bahari, soketi zinaota ukijani. Na sisimizi wanahamia humo.

Tanga, Bagamoyo, Mombasa, Unguja, hewa ya chumvi inakula kopa, ukijani ule ni kutu yake na unaleta mguso mbaya. Kwa nyumba za pwani fungua soketi za vitu vizito mara moja kwa mwaka, umeme ukiwa umezimwa, usafishe na kukaza. Za nje ya nyumba weka zenye kifuniko cha kuzuia maji, na bafuni usiweke soketi ya kawaida.

Sisimizi usipulizie dawa ya maji ndani ya soketi yenye umeme, wengi wanafanya. Zima, fungua, toa kiota kwa brashi kavu, ziba tundu la bomba la waya walikopitia kwa silikoni.

Mimi mpangaji, nani analipa?

Soma mkataba, ila kwa mantiki waya wa ukutani ni wa mwenye nyumba. Mpigie, mtumie picha ya ile alama ya kuungua na ujumbe wa maandishi, ubaki na kumbukumbu. Akichelewa, zima breka ya laini hiyo, usisubiri yeye.

Soketi ikishika moto au mtu akinaswa?

Mein swichi kwanza, usimwage maji. Umeme ukishakatwa tumia mtungi wa unga mkavu au mchanga mkavu. Moto ukiwa umeshaingia ukutani au darini toeni watu nje, pigeni 114 ya Zimamoto kwa Tanzania. Mtu aliyenaswa usimshike, kata umeme, ukishindwa kuifikia swichi msukume atoke kwa mti mkavu wa mpini au kiti cha plastiki ukiwa umesimama pakavu. Kama hapumui anza kumkandamiza kifua na mwingine atafute usafiri. Hata akiinuka akasema yuko sawa mpeleke hospitali apimwe moyo.

Fundi akija nimwambie afanye nini ili nisidanganywe?

Mwambie apime mbele yako zile namba tatu kabla na baada, akuonyeshe ncha za waya kabla hajafunga, abonyeze kitufe cha T, na akuachie soketi za zamani alizotoa. Ukiwa nazo mkononi utaona mwenyewe zipi ziliungua upande wa skrubu na zipi upande wa plagi. Zilizoungua upande wa skrubu, muulize kama amekaza na za vyumba vingine vyote, kwa sababu aliyefunga hiyo moja ndiye aliyefunga nyumba nzima.